Maumivu ya Siku ya Pili

Mhadhara kwa wanaoanza kukimbia, Moshi

Vijana mliosimama kule mlangoni, viti vipo, ingieni mkae. Na kama miguu imekataa kukunjika, basi simameni tu, leo tutaelewana.

Nimeombwa nizungumzie maumivu ya misuli kwa mtu anayeanza kukimbia. Nitaanzia chooni. Msicheke. Miaka yote niliyofanya kazi ya fiziotherapia sijaona kipimo cha maumivu haya kinachokishinda choo cha kuchuchumaa. Mtu amekimbia Jumamosi asubuhi, kwa mara ya kwanza tangu amalize shule. Jioni yake ni mzima, anajisifu. Jumapili anahisi miguu imekaza kidogo, anakwenda ibadani, anapiga magoti kwa shida. Jumatatu ndiyo anaingia chooni, anachuchumaa nusu, mapaja yanagoma, anatafuta ukuta wa kushika. Kuinuka ni habari nyingine. Halafu anakwenda kazini. Kupanda daladala anapanda vizuri, lakini kufika kituoni konda anapiga kelele "shuka, shuka", naye anateremka kinyumenyume kama mtu anayetoka darini.

Mganga hajigangi. Mimi mwenyewe nilianza kukimbia nikiwa na miaka 41, na kwa ujuzi wangu wote niliwafuata vijana wa mtaani wakipandisha njia ya Kibosho, nikapanda nao polepole nikihema, kisha tukageuka na kuteremka mbio, mimi nikiwa mbele, nikijiona kijana. Kilomita nane. Jumatatu nikaingia chumba cha matibabu nikitembea kama nimefungwa mbao mapajani. Mgonjwa wangu wa kwanza alikuwa bibi mmoja mwenye tatizo la nyonga. Akanitazama toka mlangoni mpaka kitini, akauliza: "Mwanangu, kati yetu wawili mgonjwa ni nani?"

Tangu siku ile nimekuwa nikiwauliza watu swali moja kabla sijawashauri lolote: ulipokimbia, ulipanda zaidi au uliteremka zaidi? Wengi hawaelewi kwa nini nauliza. Mkitoka hapa leo na jibu la swali hilo peke yake, nitaridhika.

Ukiuliza mitaani kwa nini misuli inauma, utaambiwa ni asidi. Asidi ya laktiki imejaa miguuni, inabidi itolewe: kwa kuchua, kwa maji ya limau, kwa kukimbia tena kwa nguvu "ili itoke". Maelezo haya yana ukoo wa heshima. Tuzo ya Nobel ya tiba ya mwaka 1922 walipewa Archibald Hill wa Uingereza na Otto Meyerhof wa Ujerumani kwa kazi zao kuhusu joto la misuli, oksijeni na asidi hiyo. Tangu hapo asidi ikawa mshtakiwa wa kila kosa linalotendeka mguuni. Lakini mshtakiwa huyu hakuwepo eneo la tukio. Laktiki inayopanda damuni ukikimbia kwa nguvu hurudi kiwango chake cha kawaida ndani ya saa moja hivi, ukizidisha sana saa mbili. Maumivu yetu yanaanza kesho yake na kukomaa keshokutwa. Humkamati mtu kwa wizi wa Jumatatu wakati aliondoka mjini Jumamosi.

Mwaka 1983 watafiti wa Marekani walichapisha jaribio ambalo hata mwanafunzi wa sekondari angeweza kulibuni. Waliwachukua wanaume saba, wakawakimbiza juu ya mashine kwa dakika 45: siku moja pakiwa tambarare, siku nyingine mashine ikiwa imeinamishwa ili wakimbie mteremkoni. Kila mara walipima laktiki katika damu. Pale tambarare laktiki ilipanda, na misuli haikuuma vya kutaja. Mteremkoni laktiki haikupanda, na misuli iliuma siku zilizofuata. Asidi upande mmoja, maumivu upande mwingine. Ni zaidi ya miaka 40 sasa, na bado asidi inasimuliwa viwanjani kila Jumapili.

Ajabu ni kwamba jibu la karibu na ukweli lilikuwepo kabla hata ya tuzo ile ya Nobel. Mwaka 1902 mwanafiziolojia Theodore Hough, huko Boston, alikuwa akiuchosha msuli wa kidole kwa chombo maalumu, akagundua kwamba kuna maumivu ya aina mbili. Moja ni lile linalokuja wakati wa kazi yenyewe na kuondoka mtu akipumzika. La pili huja kesho yake, kwenye misuli isiyozoea kazi hiyo. Hili la pili alilihusisha na kuchanika kwa vitu vidogo ndani ya msuli. Wengi wakampita.

Sasa turudi kwenye swali langu la kupanda na kuteremka.

Mliowahi kusafiri njia ya Iringa mnaujua mlima Kitonga. Lori likipanda Kitonga linaunguruma, linatoa moshi, abiria wa basi lililo nyuma wanalaani. Lakini ni lori linaloteremka ndilo linalonuka breki. Injini ndiyo inayopiga kelele, breki ndiyo inayolika. Misuli yetu hufanya kazi zote mbili. Ukipanda ngazi, msuli wa mbele ya paja unajikunja, unafupika na kukuinua. Hapo ni injini. Ukishuka ngazi, msuli uleule unakaza lakini unarefushwa, unauachia mwili kidogo kidogo usianguke. Hapo ni breki. Mapafu na moyo vinachoka wakati wa kupanda, kwa hiyo tunadhani kupanda ndiko kunakoumiza. Msuli una hesabu yake nyingine. Kukaza huku ukivutwa ndiko kunakouchana.

Na kukimbia, hata pale panapoonekana tambarare kabisa, kumejaa breki. Kila unapotua, goti linajikunja kidogo na paja linalizuia lisijikunje zaidi. Kifundo cha mguu nacho kinakunjwa na kigimbi kinakizuia. Mzigo unaotua ni mara mbili hadi tatu ya uzito wako. Kilomita moja kwa mkimbiaji mpya ni hatua 1,000 na ushei. Anayekimbia kilomita tano siku ya kwanza amefunga breki zaidi ya mara 5,000, kwa misuli ambayo mwezi mzima uliopita kazi yake ilikuwa kukanyaga pedali za gari na kumshusha mwenyewe kwenye kochi.

Huko Sweden mwaka 1981 watafiti waliwateremsha watu ngazi mara nyingi, kisha wakachukua vipande vidogo vya nyama ya mguu na kuvitazama kwa hadubini ya elektroni. Msuli umepangwa kama mkeka: ukindu juu ya ukindu, na mistari midogo inayoshikilia mpangilio. Walikuta mistari hiyo imevurugika hapa na pale, imesambaa, imepinda. Uharibifu huo hauonekani kwa macho, na wala ukubwa wake haulingani sana na ukali wa maumivu. Nalisisitiza hili kwa sababu nimeona watu wakiogopa kwamba wamekatika misuli, na nimeona wengine wakifurahi, wakidhani asiyeumia hakufanya mazoezi. Wote wawili wanaupima mkeka kwa kilio cha mwenye mkeka.

Kwa nini basi maumivu yachelewe? Kwa sababu kinachouma zaidi ni matengenezo. Baada ya mchaniko huo mdogo mwili unapeleka maji na chembe za kusafisha na kujenga. Msuli na utando unaouzunguka unavimba kidogo. Kemikali zinazotoka huko zinaifanya mishipa ya fahamu iwe mikali, hata ikiguswa tu inalalamika. Yote hayo yanahitaji muda. Huanza saa 12 hadi 24 baada ya mazoezi, hufika kileleni kati ya siku ya kwanza na ya tatu, na mara nyingi ndani ya wiki moja yamekwisha. Kuna jambo moja la kuangalia hapa: nguvu za msuli hupungua mara tu baada ya mazoezi, kabla maumivu hayajafika. Kwa hiyo yule anayeamka Jumapili akisema "mbona siumwi, twende tena" anakwenda na miguu iliyopungukiwa nguvu bila yeye kujua. Huyo ndiye anayejikwaa.

Watu wa Moshi hatuna haja ya kusimuliwa haya kutoka Boston. Mlima uko nyuma yetu hapo. Mgeni anapanda Kilimanjaro kwa siku tano au sita, pole pole, kama wapagazi wanavyomwimbia. Usiku wa mwisho anafika kilele cha Uhuru, mita 5,895. Siku hiyohiyo anateremshwa mpaka kambi ya Mweka, kama mita 3,100 hivi, na kesho yake mpaka geti la Mweka. Mita 2,800 za breki kwa siku moja, na miguu ambayo haijalala. Waulizeni wahudumu wa hoteli za mjini jinsi wageni wanavyoshuka ngazi asubuhi inayofuata: wanashika reli kwa mikono miwili. Waulizeni pia kuhusu mpagazi aliyeteremka njia ileile na mzigo wa kilo 20. Amekwenda nyumbani, kesho kutwa anapanda tena.

Tunapenda kusema mpagazi amezoea, halafu tunaishia hapo, kana kwamba mazoea ni tabia tu. Mazoea ni kitu kinachotokea ndani ya nyama. Msuli ukishapata dozi moja ya kazi ya breki na kupona, dozi kama hiyo ikirudi baada ya wiki moja au mbili huuma kidogo sana au hauumi kabisa. Kinga hiyo hudumu wiki kadhaa, na katika baadhi ya misuli imeonekana hata baada ya miezi. Na habari njema kuliko zote kwa mvivu kama mimi: dozi ya kwanza haihitaji kuwa kubwa. Kiasi kidogo ambacho hakikuumiza hata kidogo nacho kinakinga, kama chanjo inavyokinga bila mtu kuugua. Mama anayeteremka kutoka Uru na mkungu wa ndizi kichwani tangu akiwa msichana, mapaja yake yalichanjwa zamani. Na kila aliyelima hapa anakumbuka siku ya kwanza ya kushika jembe masika yakianza, mgongo na mikono, na anakumbuka kwamba wiki ya pili alilima kutwa nzima bila kulalamika. Hakuna aliyemwambia akanywe limau.

Kwa hiyo ushauri wangu wote unatoka hapo. Tunataka kuuchanja msuli, tusiupige.

Waliosoma shule za msingi za Tanzania wanaujua mchakamchaka. Saa moja kasoro, umande majanini, mwalimu wa zamu na fimbo yake, mistari miwili, na nyimbo. Hatukujua kwamba tulikuwa tunapewa kipimo bora cha mwendo. Mtu anayekimbia huku anaweza kuimba na kuitikia hajazidisha. Akishindwa kumaliza ubeti, amezidisha. Sihitaji saa ya mkononi inayohesabu mapigo ya moyo, ingawa siwakatazi wenye nazo. Wiki mbili za kwanza kimbia mchakamchaka dakika moja, tembea dakika mbili, mpaka zifike dakika 20, halafu nenda nyumbani hata kama unajisikia kuendelea. Hasa kama unajisikia kuendelea. Fanya hivyo mara tatu kwa wiki, usifululize siku mbili. Wiki ya tatu punguza kutembea. Ukifika wakati unakimbia dakika 20 mfululizo ukiimba, ndipo uongeze muda. Mwendo uache mwishoni kabisa.

Mteremko nao una ratiba yake. Hapa mjini tuna tabu, maana Moshi yote imeinama. Ukienda kaskazini unapanda, ukirudi unateremka, na unateremka wakati umechoka. Mwanzoni tafuteni uwanja wa mpira au barabara iliyonyooka. Baada ya wiki tatu hivi anza kuongeza mteremko mfupi, hatua fupifupi, bila kujiachia. Anayejiandaa kwa nusu marathoni ya Kilimanjaro asiukwepe mteremko: njia ile hupanda kuelekea Mweka kisha hurudi chini, na kila mwaka naona watu waliojiandaa kupanda tu. Wanafika juu vizuri. Nawapokea Jumatatu.

Na ukishaumia, ufanye nini? Tembea. Najua ndicho kitu cha mwisho unachokitaka, lakini dakika 15 za kutembea polepole, au baiskeli bila haraka, hupunguza ukali kwa muda kuliko kulala kitandani. Kuchuliwa kunasaidia, mradi mchuaji asitafute sifa kwa kukuliza. Msuli uliovimba unataka mkono mwepesi. Maji ya moto yanatuliza. Maji baridi ya mto yanapunguza maumivu kiasi, na sisi wa mlimani tunayo bure, ila usitarajie miujiza. Dawa za kupaka zinazowasha zinaidanganya ngozi, na siku nyingine kudanganywa si vibaya. Lala usingizi wa kutosha. Kula chakula chenye protini: maharage, mayai, dagaa, maziwa. Kama kwenu kuna mtori wenye nyama, sina ushahidi wa kuupinga wala nia ya kuupinga.

Kujinyoosha viungo? Hapa huwa nazomewa. Mwaka 2011 tafiti nyingi zilikusanywa na kupimwa pamoja, ikaonekana kwamba kujinyoosha, iwe kabla au baada, kunapunguza maumivu haya kwa kiasi kidogo mno ambacho mtu hawezi kukihisi. Kama unapenda, jinyooshe. Usijinyooshe dakika 20 ukadhani umelipa deni la kilomita kumi.

Viatu ni vizuri kuwa navyo, na pale soko la Memorial vinapatikana vya mitumba vilivyo imara, lakini kiatu hakifungi breki badala yako.

Kuhusu vidonge nitasema kwa ukali zaidi. Kuna mtindo wa kununua diklofenaki au ibuprofeni duka la dawa na kumeza kabla ya kukimbia, ili maumivu yasije. Acheni. Ukikimbia na jua ukapungukiwa maji, figo zinapata damu kidogo, na dawa hizi zinaziongezea shida hiyohiyo. Mwenye vidonda vya tumbo anajitafutia kutokwa damu. Mwenye presha anayetumia dawa za kila siku asiziguse bila kumuuliza daktari wake. Maumivu yakikuzuia kulala, paracetamol kwa kipimo kilichoandikwa inatosha. Na wengi hawahitaji hata hiyo.

Kuna kosa jingine ambalo ni letu hasa. Mtu mwili mzima unamuuma, miguu mizito, anasema "hii ni malaria", anameza dawa ya mseto bila kupima. Maumivu ya mazoezi hayaleti homa wala baridi ya kutetemesha. Yanakaa kwenye misuli iliyofanya kazi, pande zote mbili, na yanauma ukiigusa au ukijikunja. Ukiwa na homa, nenda kapimwe. Inaweza kuwa malaria kweli, na kukimbia kwako Jumamosi kusikufanye uipuuze.

Zipo dalili ambazo nikizisikia siendelei na utani. Mkojo ukiwa na rangi ya chai ya rangi au kola baada ya mazoezi mazito, misuli ikivimba na kulegea, nenda hospitali siku hiyohiyo: msuli umevunjika kupita kiasi na mabaki yake yanaingia kwenye figo. Ni nadra, lakini hutokea zaidi kwa anayelazimishwa mazoezi makali siku za kwanza kwenye joto, na wenye vinasaba vya seli mundu, hata wale ambao si wagonjwa, wana hatari zaidi wakijilazimisha. Kigimbi kimoja tu kinachouma, kimevimba na kina joto, kinahitaji daktari, huenda damu imeganda. Maumivu ya nukta moja kwenye mfupa wa muundi, unayoweza kuyaonyesha kwa ncha ya kidole na yanayozidi ukikimbia, si ya msuli, simamisha mbio. Vivyo hivyo maumivu yaliyo ndani ya goti, au yaliyokuja ghafla kwa mlio.

Katika mhadhara kama huu huwa nasubiri mtu mmoja ainue mkono aseme: "Mbona John Stephen Akhwari alimaliza?" Ni swali zuri na tunalipenda. Mexico, mwaka 1968, Akhwari alianguka katika marathoni ya Olimpiki, akaumia goti, akaingia uwanjani giza limeshaingia, mguu umefungwa bandeji, wa mwisho kati ya waliomaliza. Mimi nasimama kila nikiiona picha ile. Lakini Akhwari hakuwa ameanza kukimbia wiki iliyopita. Alikuwa mkimbiaji wa taifa, mwenye miaka ya mazoezi miguuni, aliyeumia siku moja ambayo haitarudi. Wewe unayo Jumanne, unayo Alhamisi, unayo mwaka mzima. Kujikokota na mapaja yaliyovimba siku ya tatu ya mazoezi, ukisema unamfuata Akhwari, ni kumsingizia mzee wa watu.

Iten, kule Kenya, juu kabisa kwenye mita 2,400, wageni huenda kuwatazama mabingwa wa dunia wakifanya mazoezi, na kinachowashangaza mwanzoni ni jinsi wanavyoanza polepole siku za mbio nyepesi. Mgeni anaweza kuwa nao kilomita ya kwanza bila shida. Aibu ya kwenda polepole, mabingwa wanayo ndogo kuliko sisi.

Nimemaliza, na naona mzee pale anaangalia saa. Jumamosi saa 12 na nusu asubuhi nitakuwa uwanjani. Ni dakika 20, tambarare, dakika moja mbio na mbili kutembea. Njooni na maji, na mtu mmoja aje na wimbo anaoujua mpaka mwisho. Atakayeshindwa kuitikia, atembee.